Mfarishi Uliotoa Maji

Asubuhi ile Modesta alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule yake, mkono kiunoni, akitazama vipande vya vitambaa alivyovitandaza sakafuni. Uji ulikuwa unaungua jikoni, naye harufu yake alikuwa anaisikia vizuri kabisa. Lakini kulikuwa na kipande cha njano kinachogombana na jirani yake wa zambarau, na ugomvi wa namna hiyo ukiuacha ukaenda kuepua uji, ukirudi utakuta macho yameshauzoea. Basi akauacha uji uungue.

Majirani wa mtaa wa Mawe Mawili, kule Igoma nyumba zinakokwishia na majabali kuanza, walimwita Mama Severine, na kazi yake waliiita mablanketi ya viraka. Yeye aliiita mifarishi, kama masista walivyomfundisha ujanani. Mabaki ya vitambaa alipewa na mafundi cherehani wa Igoma na Kirumba, waliomwekea kwenye mifuko ya salfeti. Pamba ilitoka shambani kwa kaka yake, Magu. Aliichambua kwa vidole, akaipiga kwa fimbo mpaka ikafura, akailaza kati ya viraka na bitana, akapiga bandi za kushikiza kwa muda, ndipo akaanza mishono yenyewe, midogo, ya mkono. Ukimuuliza anapenda sehemu gani, atakwambia bila kufikiri: kutandaza. Kushona ni kazi kama kazi nyingine, lakini pale vitambaa vinapokuwa bado havijaamua vikae wapi, pale Modesta alikuwa hasikii njaa wala hodi.

Miaka yote mifarishi yake ilikwenda kwa wengine, maharusi na wazazi na wagonjwa. Kinyozi hajinyoi. Mwaka huu aliapa kwamba mmoja atakuwa wake, atajifunika yeye mpaka afe, na akautengea vipande alivyokuwa akivificha kwa muda mrefu kwa wivu.

Tatizo lilikuwa katikati. Pale palitaka bluu, na kila bluu aliyoiweka ilizimika. Mwisho akakumbuka kitenge cha siku ya jiwe la msingi. Siku hiyo mheshimiwa alikuja kuzindua mradi wa maji, na wanawake wa mtaa waligawiwa vitenge vyenye picha ya bomba na tone kubwa, na maneno "Maji Mlangoni." Walicheza juani wakiwa wamevivaa. Mabomba kweli yaliletwa, yakarundikwa kando ya barabara, na hadi leo yako palepale. Mbuzi huzalia ndani yake. Watu wa Mawe Mawili hununua maji kwa wasukuma baiskeli, na ukipanda jabali lolote la mtaa ule unaliona ziwa lote, limejaa, halina habari na mtu. Kuliona ziwa zima na kuoga kwa kikombe ni tusi, na watu wale walitukanwa hivyo kila siku ya Mungu.

Modesta alikuwa hajawahi kukivaa kitenge kile tena. Ila bluu ya lile tone alikuwa hajaiona popote pengine.

"Rangi haina kosa," alijisemea, akachukua mkasi.

Bluu ikakaa. Ile njano na zambarau, zilizogombana wiki nzima, zilinyamaza zenyewe. Modesta alishuka kigodani akacheka peke yake kwa furaha.

Siku zilipita akiunga viraka na kulaza pamba, na kipande kile kilianza kulowa alipofunga fundo la uzi wake. Alitazama bati juu. Lilikuwa kavu, na mvua haikuwa imenyesha. Akautoa mfarishi nje akauanika kambani. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yanatoka kwenye lile tone kwa mkondo mnene kama kidole. Aliyaonja. Yalikuwa maji ya ziwa, yaliyochujwa vizuri. Akatega beseni, kwa kuwa maji hayaachwi yakapotea, halafu akaenda kumwambia jirani yake Ng'washi.

Ng'washi alikuja na mtoto mgongoni, akautazama mfarishi.

"Yana kasi?" aliuliza.

"Ukimenya viazi vya mchana, ndoo imejaa."

"Basi ngoja nikalete zangu."

Jioni foleni ilizunguka nyumba. Watu waligombana kama wanavyogombana bombani, kuhusu nani alikuwa nyuma ya nani na nani ameacha ndoo akaenda zake sokoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini blanketi linatoa maji. Waliuliza kama litatoa na kesho.

Lilitoa. Lakini pindo la mfarishi lilikuwa halijashonwa, na kila Modesta alipochoma sindano, mkondo uligeuka mwembamba kama uzi wenyewe.

"Mama Severine, sindano!" foleni ilipiga kelele.

Naye anachomoa, anasubiri. Mfarishi ukiwa na pindo wazi pamba hutoka kidogokidogo, na yeye alikuwa anaiona ikitoka. Isitoshe, mfarishi unaobubujika hauwezi kulaliwa. Siku moja uvumilivu ulimwisha. Alishika mkasi ili akifumue kile kipande, auanike mfarishi wake, aumalize, ajifunike. Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni Ng'washi.

"Fumua," Ng'washi alisema, akaivuta ndoo yake pembeni. "Ni wako. Sisi tutarudi kwa wale wa baiskeli."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Modesta aliuweka mkasi chini, na hasira iliyompanda haikuwa ya Ng'washi. Ilikuwa ya wale mbuzi, na aliyewapa nyumba ya chuma kwa fedha ya watu.

Mwenyekiti wa mtaa, Chenge, alipeleka taarifa mjini, na mjini walimtuma fundi wa maji, kijana nadhifu aitwaye Renatus. Alimsalimu Modesta shikamoo, akapima mkondo, akaupiga mfarishi picha kwa simu.

"Presha nzuri," alisema. "Ila mama, kuanzia leo usishone hapa. Sindano inaharibu mtiririko. Hiki sasa ni chanzo cha maji."

"Ni mfarishi wangu, baba."

"Ulikuwa, mama."

Wakauzungushia uzio wa waya na geti, ufunguo akapewa Chenge. Modesta akawa anautazama kupitia waya, katika uwanja wake mwenyewe. Lile pindo lililokuwa likining'inia na uzi wake lilimuuma kama mzazi anayemwona mwanawe akienda shule na vifungo wazi. Alikonda. Alitandaza vipande vingine sebuleni, akapanda kigodani, na havikumwambia kitu.

Siku ya uzinduzi ilifungwa turubai, muziki ukapigwa, na mheshimiwa yuleyule akaja kukata utepe kwenye geti. Alisema serikali imetimiza ahadi yake. Modesta, aliyeketishwa mbele kama mzazi wa bwana harusi, aliomba kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mabomba je?"

Mheshimiwa alitabasamu kwa upendo. "Mama yangu, mabomba ya nini tena, na maji mnayo? Tuwafikirie na wenzetu wasio nacho."

Wageni waliokaa chini ya turubai wakapiga makofi. Kule barabarani vijana walikuwa tayari wanayapakia mabomba kwenye lori na kuwafukuza mbuzi. Yalikuwa yanakwenda kwenye hoteli inayojengwa ufukweni, ambayo ziwa liko mlangoni pake.

"Mimi nilishona kitu cha kujifunika," Modesta alisema. "Sikushona serikali. Maji mliahidi ninyi."

"Huo ndio moyo wa kujitolea!" alijibu mheshimiwa, na makofi yakapigwa tena.

Modesta akakirudisha kipaza sauti. Alichomoa sindano iliyokuwa imekaa kwenye kitambaa chake cha kichwani, akapita kwenye geti lililokuwa wazi kwa ajili ya utepe, akalishika pindo na kuanza kushona. Mkondo ulikonda. Mheshimiwa, aliyekuwa akikinga glasi ya kunywea mbele ya kamera, alibaki na glasi nusu mkononi, akidhani ni sehemu ya ratiba. Renatus alikurupuka kwenda kumzuia, lakini wanawake wa foleni walikuwa wameshapanga ndoo zao tupu kwenye geti, nao wamesimama nyuma ya ndoo hizo.

"Mwacheni amalize," alisema Ng'washi.

Modesta alishona huku maji yakimtiririka mikononi hadi kwenye viwiko. Hakuharakisha. Mishono ile ya pindo ilikuwa midogo na sawasawa kuliko mishono yote aliyowahi kushona. Alifika pembe ya mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Mkondo ukarudi. Mheshimiwa akajaza glasi yake, akanywa, akapigwa picha, akaondoka, na lori la mabomba likamfuata. Wanawake wakarudi kwenye foleni. Hawakuwa na kosa. Mtu hawezi kutazama rangi huku ndoo yake inafurika.

Ni Modesta tu aliyesogea nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo juu ya kigoda. Njano ilikuwa imepata pa kukaa. Zambarau ilikuwa inaipisha ile bluu, na pindo lilivishika vyote pamoja, hakuna kinachochomoza. Hakuwahi kushona kitu kizuri namna ile, na alijua hatashona kingine. Aliutazama mpaka Chenge akaja kufunga geti, akamwomba, kwa heshima zote, atoke nje.