Moshi wa Chumba Namba Tatu

Kwenye mlango wa kila chumba cha gesti yangu nilimwambia fundi aandike kwa rangi nyekundu: USIVUTE SIGARA NDANI. Wageni walinicheka. Wakasema kwa baridi hii ya Mbinga mtu akavutie wapi, kwenye ukungu? Ndiyo, kwenye ukungu. Gesti haikuwa na dari, na nyuma ya chumba namba tatu ndiko nilikoweka kahawa yangu ya msimu mzima. Kahawa hunyonya harufu yoyote inayopita karibu yake.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa. Mmoja wao, Praygod, kijana kutoka kaskazini mwenye koti la ngozi, alipanga namba tatu. Jioni nikasikia harufu. Nikagonga.

"Huoni maandishi?"

"Mama, nimelipia chumba," akajibu bila kufungua. "Moshi wangu ni wangu."

Nikamweleza habari za kahawa. Akasema atazima. Hakuzima. Nilimchukia tangu saa ile, na sioni sababu ya kuficha.

Tena nilikuwa na adui mwingine nyumbani. Tangu mume wangu afariki, shemeji yangu Kilian alikuwa akiwaambia wazee wa ukoo kwamba mwanamke hawezi kutunza kahawa, wampe yeye shamba. Wazee wakasema wasubiri mauzo ya msimu huu.

Asubuhi watu wakapanga magunia uwanjani, wazee wale wakiwamo. Yangu yalikuwa ya kwanza. Praygod akachota kahawa kiganjani, akanusa, akairudisha.

"Inanuka moshi. Sichukui."

Kilian akacheka mpaka akashika kiuno. "Si nilisema? Huyu anakaushia kahawa jikoni."

"Hapana, siyo moshi wa kuni," akasema Praygod. Alikuwa anajivunia pua yake, akanusa tena ili watu wamwone. "Wala siyo tumbaku ya kienyeji. Hii ni sigara ya minti."

Watu wakageuka kumtazama. Kwetu wavutaji walisokota tumbaku kwenye gazeti. Pakiti ya minti ilikuwa moja tu, nayo ilichungulia kwenye mfuko wa koti lake.

"Pima," nikamwambia.

"Mama, kampuni haitakubali kahawa hii."

"Kwani mimi nilikubali uvute? Pima, kwa bei ya kahawa safi."

Akawatazama watu. Mzee Hyasinti alikuwa ameshajitwika gunia lake, anaelekea ng'ambo ya barabara kwa mnunuzi mwingine. Wawili wakamfuata. Zamani, ushirika ulipokuwa mnunuzi pekee, tusingekuwa na pa kwenda. Sasa tulikuwa napo.

Praygod akapima. Magunia yangu yalikuwa mazito, akahitaji mtu wa kumsaidia kuyapandisha kwenye mizani, na aliyesimama karibu ni Kilian. Akapandisha la kwanza, kisha mengine yote, wazee wakimtazama.