Bidoni Isiyoingia Ndani

Mume wangu Rugema alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: wageni. Mgeni akikohoa tu huko bondeni, yeye keshatandika ngozi. Na kwetu wafugaji wa milima ya juu ya Uvira, mzigo wa mgeni hauachwi nje. Ukiuacha nje, ni kama umemwambia aendelee na safari yake. Nilimpenda Rugema na ugonjwa wake huo, ingawa siku moja nusura utuulie mtoto.

Ulikuwa mwaka wa uasi, uhuru ukiwa bado mchanga. Binti yetu Mukakalisa alikuwa amelazwa hospitalini Lemera, mtoto amemkaa vibaya tumboni, na daktari alisema lazima apasuliwe. Lakini taa ya chumba cha kupasulia ilikuwa inawashwa na moteri, na moteri ilikuwa imeishiwa esanse, yaani petroli. Waasi walikuwa wameshika barabara ya bondeni, na gari lolote lenye esanse walilinyang'anya. Tukampelekea habari Nasoro wa Kilibula, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa akinunua siagi yetu tangu ujana wake.

Nasoro akaja kwa miguu, kwa njia za ng'ombe. Bidoni, dumu la chuma lenye esanse, ilikuwa ndani ya tenga mgongoni mwake, imefunikwa majani mabichi ya mgomba ili jua lisiipate. Alifika kwetu mvua ikianza, na mteremko wa kwenda Lemera ukilowa hauna mchezo, lazima usubiri. Akaitua bidoni mbali na nyumba, akaisimamisha wima, akakagua kifuniko.

Rugema akaenda kuibeba.

"Acha, muzee," Nasoro akasema. "Hii muzigo inabakia inje."

"Inje, na mvua hii? Weye unanipatisha haya. Watu watasema nini?"

"Watasema uko na akili. Ndani iko moto. Pumzi ya esanse njo inawaka, na ile pumzi inatembea mpaka inakuta moto. Sikuijaza mpaka ku mudomo. Niliiachia nafasi, ikipata joto ivimbe bila kupasuka."

Rugema akafikiri. "Sasa kitu inapumua," akasema, "unakiacha ku mvua?"

Mimi nilicheka. Nilidhani maneno yameishia hapo.

Saa ya sala ikafika. Nasoro akachukua mtungi, akatawadha kwa maji yote yaliyokuwamo nyumbani, akaenda kuswali kwenye kibanda cha ndama. Nilikuwa nimeinamia moto, nageuza viazi. Maziwa ambayo Rugema alikuwa ametoka kuyakamua yalikuwa kando yangu, kwenye chombo chake cha mti.

Nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Kugeuka, Rugema amepiga goti karibu na moto, ameiegemeza bidoni kwenye jiwe la jiko, anaifuta maji ya mvua kwa upole kama mtu anayemfuta mtoto wake. Alikuwa ameilaza begani wakati wa kuileta, na kifuniko kilikuwa kimetoa matone. Nguo yake ilikuwa imelowa esanse bega zima.

"Nasoro atakuta muzigo wake mukavu," akaniambia, amefurahi.

Mtungi ulikuwa mtupu. Nikainua chombo cha maziwa, nikayamwaga yote motoni.

Asiyefuga hawezi kujua nilifanya nini. Wazee wetu walisema maziwa yakiungua motoni, chuchu za ng'ombe hupasuka, na mwanamke aliyeyamwaga kwa makusudi hurudishwa kwao. Moshi ukajaa nyumba. Nikamwambia Rugema aitoe bidoni, na yeye mwenyewe atoke.

Akatoka, akasimama kwenye mvua ameikumbatia. Nasoro alirudi kutoka kuswali, akanusa, akaona majivu yenye maziwa, akaketi chini. Rugema hakunitazama. Nikaanza kuwaza nitafunga nguo zangu kwa kamba gani.

Mvua ilipokatika, Rugema akaingiza mikono kwenye kamba za tenga. "Weye umechoka," akamwambia Nasoro. "Unionyeshe tu vile inabebwa."

Nasoro akaipangusa bidoni, akakaza kifuniko, akamwambia: wima, wima mpaka Lemera. Tukashuka. Kila penye utelezi mume wangu aliketi, akateremka kwa makalio, mzee mzima mwenye ng'ombe zake, lakini bidoni haikulala. Mimi nilifuata nyuma nikimwomba Mungu, na huku nikimwonea huruma.

Tulipokaribia chini akasema bila kugeuka, "Minye ningetafuta kwanza maji."

"Najua," nikamjibu.

"Tungekufa."

"Najua."

"Na Mukakalisa naye. Utaniokea viazi vingine, mama."

Basi nikajua sirudi kwetu.

Generose, muuguzi, alitupokea mlangoni. Moteri ilikuwa imezimwa na imepoa, wakaijaza taratibu hukohuko nje, kisha ikaanza kunguruma, na dirisha la chumba kile likawa jeupe. Wauguzaji wenzetu, ndugu wa wagonjwa wengine, walitukaribisha kwenye moto wao wa kupikia. Nasoro akamkataza Rugema kusogea kwa sababu ya ile nguo, na hakuwa na nyingine. Rugema akasimama peke yake kwenye upepo, mbali na moto, anatetemeka, macho kwenye dirisha. Nilimpelekea chakula, hakukigusa.

Generose akatuita hatimaye. Mjukuu alikuwa mikononi mwake, amekunja uso, mzima. Lakini Mukakalisa alikuwa amelala bila rangi, na hata nilipomshika mkono hakuitika. Rugema akainama karibu naye kabisa, akamwita kwa jina. Akamwita tena. Pua ya mwanangu ikacheza.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, macho bado yamefungwa, "unanuka mubaya."

Rugema hakulia siku waasi walipochukua madume yake. Siku ile alilia mbele ya watu wote, na Nasoro akiwa amemshika bega.

"Sema tena," akamwambia. "Sema tena, mwanangu."