Mdadisi Alipomkuta Afisa Nyumbani

Hebu niambieni ninyi mliosoma: mwanamume anayefunga tai kila asubuhi, akabeba mkoba wenye gazeti la mwezi uliopita, akaenda kushinda kwenye benchi la nje ya posta mpaka jua lipinde, huyo tumhesabu ana kazi au hana? Msiharakishe kujibu. Serikali yenyewe ilituma mtu kuja kuuliza, na alivyojibiwa ndiyo habari yenyewe.

Mwanamume huyo mtaani walimwita Afisa. Kweli aliwahi kuwa afisa stoo katika ghala la mbolea, mpaka mwenye ghala alipofunga milango akahamia kwa watoto wake. Kufuli lilipotundikwa, Afisa hakumwambia mtu. Aliendelea kuamka, kunyoa ndevu, kupiga viatu rangi. Watu nao, kwa adabu iliyochanganyika na uvivu, wakaendelea kumsalimu habari za kazi, naye akiitikia kwa kichwa kama mtu mwenye mambo mengi. Mtaa mzima ulijua. Nadhani hata mbuzi wa jirani walijua.

Mkewe alijua kabla ya mbuzi. Alikuwa dobi, wakimwita Mama Pasi, na pasi yake ilikuwa ya mkaa, chuma kizito, mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali na kuvikwa blanketi. Sasa mtu unayempigia pasi nguo atakudanganya vipi? Shati la mtu wa ghalani hurudi na vumbi mabegani. La Afisa siku hizi lilirudi jeupe, ila suruali ndiyo iling'aa makalioni kwa kukaa. Mama Pasi alinyamaza. Mficha uchi hazai, akajisemea moyoni, atasema mwenyewe siku akichoka.

Kimya hicho kingewafikisha uzeeni, lakini zikaja shuka za nyumba ya wageni. Shuka nyeupe, pana, za vitanda vya watu wawili. Shuka ya namna hiyo haikunjwi na mtu mmoja: mmoja ashike pembe mbili huku, mwenzake kule, wavutane ikiwa bado na unyevu, ndipo ikubali pasi. Wifi yake, dada wa Afisa aliyekuwa akikaa nao, hakufaa, kwani alikuwa na mgongo. Mgongo ambao uliuma kukiwa na kazi na kupona kukiwa na wageni. Basi Mama Pasi akapigilia msumari ukutani, akawa anatundika pembe za shuka pale na kuvuta peke yake. Msumari ukaanza kuacha kutu. Msimamizi wa nyumba ya wageni alishazirudisha, na safari ya mwisho alisema kwa upole wa kutisha kwamba zikija tena na alama, atampa dobi mwingine. Na shuka hizo ndizo zilizowalisha wote watatu, zikainunulia na ile tai sabuni ya kufulia.

Asubuhi tunayoizungumzia, shuka zilikuwa kwenye kamba, zinatakiwa jioni. Hapo akabisha hodi binti mmoja, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, viatu vimekula vumbi. Akasema yeye ni mdadisi, ametumwa na utafiti wa nguvu kazi, kujua nani katika kaya hii anafanya nini. Afisa alikuwa tayari mlangoni na mkoba wake, akilalamika kwamba amechelewa. Aliposikia kwamba anayeulizwa ni mkuu wa kaya, kuchelewa kukamwisha. Akavuta kiti, akakunja nne. Mama Pasi alikuwa pembeni anatia mkaa kwenye pasi, na masikio hayatiwi mkaa.

"Katika siku saba zilizopita, baba, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"Saa moja?" Afisa akacheka. "Mwanangu, mimi ni afisa stoo."

Wifi akadakia kwamba kaka yake hata usingizini huhesabu magunia. Binti akabonyeza. Akauliza, na mke je? Afisa, bila hata kugeuza shingo, akasema mke hana kazi, yupo tu nyumbani, anajishughulisha na vinguo vya watu.

Mama Pasi akapuliza mkaa. Cheche zikaruka.

Binti, Mungu ambariki, akasema sheria yao inamtaka amuulize mwenyewe maadamu yupo. Akamgeukia. Mama Pasi akamweleza taratibu, bila kuongeza chumvi: kufua, kuanika, kuwasha pasi, kunyoosha, kupeleka. Binti ikabidi afute alichoandika na kuandika upya. Kisha akauliza kama kuna ndugu anayemsaidia kazi hiyo, hata bila malipo.

"Yupo," akasema Mama Pasi. "Anaitwa Msumari. Mimi nashika shuka huku, yeye anashika kule. Kazini hachelewi, shida yake kutu tu. Leo akiniachia alama tena, shuka zinakwenda kwa dobi mwingine, na hapa tutakula vyeo."

Binti akatazama ukutani. Afisa naye akatazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuuona msumari ule, ingawa koti lake lilitundikwa hatua mbili tu kutoka pale. Binti akamrudia, akasema bado anadaiwa maelezo kidogo: jana, kwa mfano, alifanya shughuli gani hasa kule stoo?

Afisa akaikunjua ile nne.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, baba?"

"Hapo pa afisa. Ghala lilishafungwa."

Wifi akashika mgongo, na safari hii huenda uliuma kweli. Binti akainamisha kichwa, akauliza linalofuata, kama katika wiki nne zilizopita alitafuta kazi.

"Ningeitafutaje," akajibu Afisa, "na watu wote wanajua ninayo?"

Basi binti akamfafanulia kwa heshima. Asiye na kazi, kwenye hesabu zao, ni yule anayeitafuta. Yeye haitafuti, kwa hiyo si mtu asiye na kazi. Anaingia kundi la walio nje ya nguvu kazi, pamoja na wanafunzi na wagonjwa wa kitandani. Hapo Mama Pasi akacheka mpaka akaweka pasi chini. Kumbe ndiyo maana redio kila mwaka inatangaza kwamba wasio na kazi wamepungua! Wamepungua kweli, wamejaa benchi la posta.

Akamuuliza binti, na yeye je, utafiti ukiisha? Binti akasema mwezi huu anahesabika ana kazi. Mwezi ujao ataanza kuitafuta.

"Wahi, mwanangu," akamwambia, "usije ukawekwa nje pamoja na mzee wetu."

Binti akaaga. Afisa akabaki amesimama katikati ya uwanja, mkoba mkononi, hajui auweke wapi. Posta asingeweza kwenda tena, maana wifi alishatoka kwenda kusimulia, mgongo na yote.

"Sasa mimi niende wapi?" akauliza.

Mama Pasi alikuwa na masimango aliyoyaweka akiba muda mrefu, mengine matamu sana. Akayatazama moja moja, akayameza. Akaenda kwenye kamba, akashusha shuka ya kwanza, akamnyooshea pembe mbili.

"Nataka unishikie upande huu," akasema. "Tangu zilipoletwa nataka hivyo. Nilishindwa kukuomba, kwa kuwa ulikuwa kazini."