Sauti ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtafiti wa hali ya hewa. Mimi nafagia ofisini kwake na kuchemsha chai. Utafiti wake ulionyesha kuwa mvua zimebadilika, na bonde ambamo waziri anawagawia watu viwanja litamezwa na mto msimu huu. Shemeji ndiye husoma utabiri redioni. Watu wameizoea sauti yake kama ya mtu wa nyumbani.

Mchana mmoja waliingia wanaume wawili: msaidizi wa waziri, na jitu la shingo nene aliloliita Nyundo.

"Daktari, soma karatasi hii, nikurekodi. Redio wanasubiri. Bonde ni salama."

"Mheshimiwa akitaka mto umtii, aende akauamrishe."

Kicheko kikanitoka. Nyundo akanizaba kibao, birika likaniponyoka, chai ikanibabua miguu.

"Mwacheni shemeji yangu! Nasoma!"

Akaishika karatasi. "Wananchi wa bondeni," akasoma, kisha akainua macho. "Hameni. Maji yanakuja."

Nyundo akanyakua kopo la shaba la kupimia mvua, akamtwanga nalo mdomoni. Akarudia. Nikasikia taya likilia kama ukuni mkavu. Meno yakadondoka juu ya meza.

"Haya, soma sasa!"

Shemeji akafungua mdomo. Ikatoka damu na mkoromo.

Msaidizi akamrukia Nyundo kwa mateke. "Ng'ombe wewe! Nilisema umtishe! Sasa atasoma nani?"

"Si alikuwa anabisha, bosi?"

Ikabidi msaidizi asome mwenyewe.

Asubuhi, wodini, redio ikatangaza bonde ni salama. Nesi akaacha kufunga bandeji. "Huyu naye katokea wapi? Wetu yuko wapi?"

"Wako ndiye huyo unayemfunga," dada akamjibu, simu tayari sikioni. Alikuwa anampigia shoga yake wa bondeni. "Wamemvunja mdomo asiwaambie maji yanakuja. Beba watoto, mwenzangu. Waambie na majirani."

Habari ikashika moto. Watu wakapanda barabarani na magodoro vichwani. Askari wakawazuia kwa virungu. Wao wakajibu kwa mawe, wakapenya, walioumia wakiburuzwa na jamaa zao. Kufika adhuhuri wodi ilikuwa imejaa, damu hadi mlangoni.

Mama mmoja aliyepasuliwa kichwa akaketi sakafuni karibu nasi. Shemeji akamtazama, akajivuta akashuka kitandani, akaupiga mto kwa kiganja: njoo, lala hapa.