Uzi wa Kijani Kwenye Ndoano

Ukipita juu ya ukuta wa bwawa unageuza shingo upande wa mabomba. Usinibishie, nimekuona. Nimekaa kwenye zile ngazi za zege siku kumi na moja, na shingo zenu zote zinageuka mahali pamoja, pale penye nguzo ya taa iliyopinda, kana kwamba mabomba yameanza kucheza ngoma. Wewe wa baiskeli ya maziwa. Wewe mwalimu. Wewe uliyekula samaki wa kaka yangu miaka kumi ukimsifia mkono. Upande wa maji hutazami, maana ukitazama itabidi ukumbuke kwamba kaka yangu bado yumo humo.

Funika kombe, mwanaharamu apite. Haya, mimi nalifunua.

Kaka alikuwa mvuvi wa kapi, yule samaki wa magamba mapana na sharubu fupi, mwenye mdomo mnene kama soli ya kiatu. Kapi hana papara. Anaonja chambo, anakitema, anakionja tena, na akishanaswa anavuta kama punda aliyegoma. Ndoano yake haichaguliwi kwa kung'aa. Kaka alinifundisha kuichagua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe nilijifundisha kwenye vifuniko vya maboksi yake: waya mnene, shingo fupi, tundu lililofungwa kabisa lisije likakata mshipi. Kisha aliburuta ncha juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, butu. Ikikwaruza, weka. Ukucha wake wa kushoto ulijaa michirizi myeupe kama ubao usiofutwa.

"Halafu uivute," alikuwa akisema. "Ndoano nzuri inapinda kidogo, inarudi. Ikivunjika ina kiburi. Ikinyooka ni mwoga. Na mwoga, mdogo wangu, ni mbaya zaidi, maana mwenye kiburi angalau utamsikia akivunjika."

Nilipokua nikapata kazi kwenye karakana ya ndoano iliyo nyuma ya soko, meza ya ukaguzi. Kila trei ikitoka kwenye tanuri na kuzamishwa kwenye mafuta, unachagua ndoano tano, unabana moja moja kwenye jiliwa, lile chuma la kubania lililofungwa mezani, unatundika jiwe la kilo sita, unahesabu hadi kumi. Zikistahimili, unatia ndani ya kila boksi kijikaratasi chenye namba yako. Yangu ilikuwa kumi na saba. Kaka hakununua boksi lisilo na kumi na saba. Mama Nyavu, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, alimfungulia maboksi huku akimtania.

"Wewe unanunua ndoano au unanunua mdogo wako?"

"Nanunua usingizi, Mama Nyavu. Nikilala najua nani kaivuta kabla yangu."

Kisha tukaletewa msimamizi mpya. Tulimwita Bwana Haraka, na jina lilimpendeza, masikini, hakujua ni tusi. Akapunguza dakika za tanuri. Jiwe la kilo sita akaliweka mlangoni kuzuia mlango usibamize, akatuletea la kilo mbili. Na hesabu ikawa moja, mbili, tatu, basi.

Nilimwambia, "Bwana, hizi zinafunguka."

"Zinafunguka kwa kilo sita. Nani kakutuma kutundika sita?"

"Kapi anavuta zaidi ya hapo."

"Kwani kapi kaja kulalamika?"

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nataka uliweke hilo akilini unaponiona nakutukana: mimi nilicheka. Nikahesabu hadi tatu, nikatia kijikaratasi, nikavuta trei nyingine. Mwaka mzima. Nilijiambia nitamwambia kaka Jumapili. Jumapili ilifika mara nyingi. Lakini alikuwa akiwaonyesha wenzake ile namba, anaipigapiga kwa kidole na kusema, "Huyu ni wangu," nami nikawa nasifia hali ya hewa.

Aliteleza asubuhi, chini ya ile nguzo iliyopinda. Ukuta ulikuwa na ute wa kijani ambao wenye bwawa wameahidi kuusugua tangu mimi nikiwa na meno ya utotoni. Alikuwa na mafua, kwa hiyo mama alikuwa amemvalisha sweta alilolifuma mwenyewe, la kijani, zito hata kabla halijanywa maji. Waliomwona walisema hakupiga kelele. Wazamiaji walitafuta siku mbili, wakatoka weusi kwa tope, wakasema humo ndani mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Ndipo wavuvi wakaamua kumtafuta kwa njia yao. Wanafunga ndoano za kapi kwenye fimbo ya chuma, wanaiburuta chini kwa kamba ndefu. Chuma kikubwa cha nanga kingemrarua. Ndoano ya kapi inashika nguo, haimgusi mtu. Kwa kawaida kila mvuvi hutoa ndoano kutoka kwenye kopo lake, zilizokwisha kuvua, zilizokwisha kuthibitika. Lakini kaka alikuwa kaka. Kwa heshima yake walichanga wakanunua mpya, thelathini, kutoka boksi ambalo halijafunguliwa. Heshima hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Kamba aliishika yule tunayemwita Nahodha, ambaye hajawahi kuongoza kitu kikubwa kuliko beseni. Siku hiyo hakuna aliyemtania. Mtumbwi ulizunguka mara nne. Mara ya tano akanyanyua mkono.

"Kimeshika."

Tukasogea ukingoni.

"Kizito. Polepole. Jamani polepole, huyu ni mtu."

Mama alitandika shuka juu ya zege, akalinyoosha pembe zote nne kama anayetandika kitanda cha mgeni. Wanaume saba walivuta kutoka ukutani. Niliona kamba inavyotetemeka na matone yanavyoruka. Nami, bila kukusudia, mdomo wangu ukahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Kamba ikalegea. Wanaume saba wakaanguka kwa makalio.

Fimbo ilipotoka, ndoano ishirini na mbili zilikuwa zimenyooka kama sindano. Kwenye moja, pale ulipokuwa mkunjo wake, palikuwa na uzi wa kijani, urefu wa kidole. Mama aliutoa, akauviringa kwenye kidole chake, akakunja shuka lake. Nahodha akaniletea boksi.

"Tulichagua lako, dada. Tuliona hili halitatuangusha."

Ndani, kijikaratasi. Kumi na saba.

Tangu siku hiyo nikiamka nakuta mchirizi mweupe kwenye ukucha wa dole gumba langu la kushoto. Mmoja kila siku, mpya, mkavu. Nimeukata ukucha hadi kwenye nyama. Ukirudi unarudi na michirizi yote. Mama hafungi tena komeo la mlango wa uani.

"Mwanangu, kaka yako anakwaruza mlango."

"Ni panya, mama."

"Panya hakwaruzi mara tatu kisha akangoja afunguliwe."

Sikumwambia tatu ni hesabu ya nani. Nilikwenda nikafungua. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na mvua haijanyesha wiki tatu. Sema maji ya kunawia yalimwagika. Sema unavyotaka, wewe ndiye fundi wa kutazama mabomba.

Nilikwenda karakana na zile ndoano ishirini na mbili, nikazimwaga mbele ya Bwana Haraka juu ya karatasi zake.

"Ndoano ni za samaki, dada. Si za maiti."

"Hata samaki hazimtoi. Rudisha jiwe la kilo sita. Rudisha hesabu ya kumi. Na uyaite yale maboksi yote yarudi."

"Yenye namba ya nani?" akauliza, akatabasamu. "Ya nani, eh? Nenda ukalie nyumbani."

Alinipata hapo, na alijua amenipata. Nilikwenda kwenye meza yangu, nikafungua skrubu nne, nikaondoka na jiliwa kwapani na lile jiwe la mlangoni mkononi. Akapiga kelele, "Mwizi!" Mwenzangu wa namba kumi na nane akanifungulia mlango, maana ulikuwa umejibamiza, haukuwa na kitu cha kuuzuia tena.

Sasa jiliwa hilo liko kwenye meza ya jikoni kwa mama. Wavuvi wananiletea makopo yao, nami nafanya nilichopaswa kufanya. Ukucha kwanza. Kisha tundu. Kisha jiwe, na hesabu hadi kumi, kwa sauti, mama akisikia. Nimepima mia tatu na kumi na nne. Zilizopinda kidogo zikarudi ni ishirini na moja. Nyingi kati yake ni kuukuu, za zamani za kaka, za siku ambazo namba yangu ilikuwa na maana. Nahodha anasema tukitaka kumnyanyua na sweta lile lililolowa, kwenye tope lile, tusishuke na chini ya sitini.

Na kesho adhuhuri wenye bwawa wanafungua milango ya chini kusafisha tope. Wamebandika tangazo kwenye nguzo ileile iliyopinda, mnalipita. Maji yakitoka na tope, atatoka nalo, na hakuna atakayejua ni mto gani wala ni jiwe gani. Mama atakwaruziwa mlango mpaka afe, kisha nitakwaruziwa mimi.

Kwa hiyo weka karatasi hii chini. Usiikunje vizuri, usiseme masikini. Nenda kwenye kopo lako, lile lililo chini ya kitanda au juu ya kabati, utoe ndoano zako zote. Ziburute kwenye ukucha. Uzibane kwa koleo, uzivute, uhesabu hadi kumi, usihesabu hadi tatu. Zilizonyooka zilete pia, tutazimwaga mlangoni kwa Bwana Haraka mpaka ashindwe kuufungua. Zilizorudi lete kwanza. Kisha uje wewe mwenyewe ukutani, upande wa maji, ushike kamba.

Si kesho. Kesho ni ya tope. Amka sasa hivi.