Sekunde Tisini

Mama Maelezo alikuwa amebakiza siku moja tu astaafu pale kliniki, na jina hilo alilitolea jasho. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kuita wagonjwa dirishani, na kila mstari aliuwekea maelezo, yale ambayo kompyuta huyaruka na binadamu huyasoma. Mstari ukiongeza moja, juu yake kaandika: "Hapa tunaongeza moja."

"Mama, hii ni sawa na kubandika karatasi mlangoni, 'Huu ni mlango'," alimtania binti aliyekuja kuchukua nafasi yake. Ofisini walishampachika jina la Fagio, kwa kupenda kufuta kila kilichozidi.

"Fagia, mwanangu. Siku zile nilikuwa sijajiamini, najisomea mwenyewe kwa sauti."

Fagio akafagia. Maelezo mia tatu yakaenda na maji. Kisha akafika kwenye mstari usio na hata neno moja la maelezo: namba ikiitwa na mtu asitokee, subiri sekunde tisini ndipo uite inayofuata. Tisini! Na foleni imefika getini! Akaweka ishirini, akatoka kwenda ukumbini kuonja matunda ya kazi yake.

Ikaitwa arobaini na moja. Benchi la nyuma kabisa, bibi mmoja akashika magongo yake, akajiinua, akaanza safari. Hajafika hata katikati, ikaitwa arobaini na mbili. Bibi hakulalamika. Aligeuka taratibu, kama mtu aliyezoea, akarudi kukaa.

 Fagio akarudi ndani mbio.

"Mama, umeeleza hata ambayo kipofu angeyaona. Hili la sekunde mbona ulilinyamazia?"

Mama Maelezo akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Ni mwendo wa marehemu mama yangu, kutoka benchi lile. Nilimpima kwa saa: themanini na tano, nikaongeza tano za kuvuta pumzi. Nikaona haya kuleta habari za mama yangu kwenye kazi ya watu."

Fagio akarudisha tisini. Juu yake akaandika: "Mwenye magongo akitoka benchi la mwisho hutumia sekunde themanini na tano. Usipunguze kabla hujatembea naye."

"Hapo kwenye kutembea naye umetia chumvi," alisema Mama Maelezo, akirudisha miwani usoni.

"Nifute?"

"Thubutu uone!"

Fagio akaita tena arobaini na moja. Wakasimama mlangoni bega kwa bega. Gongo, hatua. Gongo, hatua. Bibi akafika dirishani akihema, akainua macho kutazama kioo cha namba juu ya dirisha. Namba yake ilikuwa bado ipo.