Nyayo za Mpanda Mlima

Siku tatu nimekanyaga beseni la mkaa uliopondwa, ndani ya chumba cha kurekodia kisicho na dirisha, nikimtengenezea sauti ya nyayo bwana mmoja anayepanda milima ya volkano huko kaskazini ya mbali. Yeye ni mtangazaji wa kipindi cha safari cha televisheni. Upepo wa huko uliharibu sauti yote, kwa hiyo buti linaloonekana ni lake lakini mkanyagaji anayesikika ni mimi.

Mwongozaji wa kipindi ameikataa kazi mara nne. Anasema hatua zina kasoro, na nikimwuliza kasoro gani, anakuna kichwa. Hilo ndilo linalonipandisha hasira. Nimebadilisha viatu, nimechanganya kokoto, nimeweka chumvi ya mawe penye barafu. Buti likigusa ardhi kwenye picha, sauti inalia papo hapo. Leo kaniambia kesho asubuhi ndiyo mwisho, la sivyo kazi anapewa mwingine. Miaka kumi na moja niliyotumikia hapa haikumgusa hata kidogo.

Nilifika nyumbani nimefura. Niliweka kompyuta mezani nikaanza kusikiliza upya, huku nikimlalamikia baba, fundi viatu mstaafu ambaye siku hizi macho yake huona vivuli tu. Nilimwambia mwongozaji ana masikio ya pambo. Baba akaniacha nimalize, kisha akaomba nirudishe mwanzo.

"Huyo bwana mguu wake wa kushoto ni mzima?"

Nikamwambia ni mzima kabisa, anaruka mawe kama mbuzi.

"Basi hapo unatembea wewe, mwanangu. Wa kushoto unauburuza kidogo. Viatu vyako nilivishona mimi, soli ya upande huo ndiyo ilikuwa inaisha kwanza."

Nilibisha. Mguu ule ulivunjika nikiwa na miaka tisa, ukapona. Nikasikiliza tena, na kweli, mmoja unakanyaga, mwingine unachelewa kuinuka. Vipindi vya nyuma nilivyofanya vilikuwa na muziki na magari ya kuzificha hatua zangu. Huyu mpanda mlima yuko peke yake kwenye ukimya. Nilitamani kuipiga kompyuta ukutani.

"Miaka yote hii, baba, kwa nini hukuniambia?"

"Siku ulipofunguliwa plasta ulikimbia uwanja mzima," alisema. "Ukarudi unahema, ukaniambia, baba, umeona, nimepona." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu. "Ningesema nini?"